Kinga Ikizidi Ukali, Tuizime?

Juni 2020, wodi za Uingereza zikiwa zimejaa wagonjwa wa korona, watafiti wa Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kati ya waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Virusi haikuvigusa. Ilituliza kinga iliyokuwa ikiyavimbisha mapafu. Tangu hapo wengi wanasema uvimbe ndio adui. Mimi nasita.

Katika utafiti huohuo, wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Na kabla ya hapo, nchi kadhaa za Asia pamoja na Uganda na Malawi ziliijaribu dawa hiyo kwa watu wenye VVU waliougua homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokoka. Jaribio lilisitishwa likiwa na wagonjwa 451: fangasi walichelewa kuisha, na waliobaki na ulemavu wakawa wengi zaidi.

Mwili wenyewe hutuliza kwa ustadi zaidi. Nyutrofili, seli za kwanza kufika kwenye kidonda, hufa zikimaliza kazi. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza mabaki, huzimeza, na kule kumeza ndiko kunakozibadilisha: zinapunguza kemikali za uchochezi na kutoa za utulivu, kama IL-10. Seli T dhibiti, zinazowazuia wenzao wa kinga, nazo hunyofoa protini za CD80 na CD86 kutoka kwenye seli zinazochochea mashambulizi, hivyo seli T nyingine hukosa kibali cha kushambulia. Sakaguchi, Brunkow na Ramsdell, waliozifichua siri za seli hizi dhibiti, walipewa Nobeli ya tiba mwaka 2025. Mtoto wa kiume akizaliwa na hitilafu kubwa kwenye jeni ya FOXP3, inayoziendesha, kinga yake humgeukia mwenyewe.

Basi tuziongeze seli dhibiti? Hapo ndipo pagumu, kwa sababu saratani nyingi hujikinga kwa seli hizohizo. Ipilimumab, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, hulegeza breki hiyo ya kinga. Kuna ambao saratani yao hunywea, na kuna ambao utumbo huvimba hadi wapewe steroidi, dawa za jamii ileile ya deksamethasoni!

Kwa hospitali zetu nyingi, tiba ya kuotesha seli dhibiti maabara bado iko mbali, ilhali deksamethasoni ipo kabatini. Swali langu kwa daktari anayeiandika ni moja: kimelea kimeshadhibitiwa? Kwa korona hupimwa kwanza oksijeni. Kwa kriptokoka, mwongozo wa WHO haushauri itumike kama kawaida.