Gari lililoibwa likapatikana: ununue au ulikwepe?

Kuna Wakenya ambao ukiwaambia gari fulani liliwahi kuibwa, hawataki hata kuliona. Wengine husikia habari hiyohiyo wakaanza kupiga hesabu ya punguzo. Wote wana sababu zao, ila naona wote wanaanzia kwenye hali ya gari, na hapo sipo pa kuanzia. La kwanza kuuliza ni hili: siku lilipopatikana, lilikuwa mali ya nani?

Mara nyingi si ya yule aliyeibiwa. Gari lenye bima kamili likiibwa, mwenyewe hupiga ripoti polisi na kupeleka dai, na uchunguzi ukiisha kampuni humlipa. Kwa kawaida hukabidhi logbook (hati ya umiliki wa gari), funguo zote na fomu za uhamisho alizokwisha kutia saini. Akishalipwa thamani yake yote, haki juu ya gari hilo, popote lilipo, huhamia kwa kampuni. Likija kukamatwa Busia au Isebania kabla halijavuka mpaka, ni kampuni inayolichukua na kuliuza, mara nyingi kwa zabuni au mnada.

Ukinunua hapo, ukapewa barua ya mauzo, nakala ya ripoti ya wizi na hati ya polisi kwamba gari limeachiliwa, umepata gari lenye historia iliyoandikwa mwanzo hadi mwisho. Magari mengi ya dalali hayana hata robo ya karatasi hizo. Kwa hiyo wanaosema gari la namna hii lisiguswe kabisa wanakataa hata lile ambalo umiliki wake ni rahisi kuthibitisha.

Lakini gari hilohilo laweza kuuzwa na mwenye jina kwenye rekodi za NTSA (mamlaka inayosajili magari), mtu aliyelipwa na bima kisha jina likabaki vilevile. Unatafuta rekodi, jina ni lake. Kitambulisho kinalingana. Kila kitu kimekaa sawa, kumbe haki yake juu ya gari ilikwisha siku alipopokea hundi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamhesabu aliyesajiliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ni hayo maneno ya mwisho yanayoumiza wanunuzi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, kifungu cha 23, inaongeza kuwa, isipokuwa kwa hali chache, asiye mwenye mali hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana. Hata kama ulilipa bei kamili bila kujua lolote, kampuni ikija na karatasi zake unaweza kulipoteza gari, ukabaki kumfukuza muuzaji akurudishie pesa. Na kama ulijua, au palikuwa na sababu ya kukufanya ujue, hilo laweza kuhesabiwa kuwa kosa la kupokea mali ya wizi, ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka 14.

Kuna pia gari ambalo kesi ya wizi wake haijaisha. Mahakama wakati mwingine humruhusu mwenyewe kulichukua likishapigwa picha za ushahidi, kwa sharti asiliuze mpaka hukumu itoke. Yeye amechoka, anataka pesa, anauza. Namwonea huruma, lakini mzigo wa sharti lile haufai kuhamia kwako.

Ukija kwenye gari lenyewe, wenye hofu wana hoja nzito. Fungua kile kifuniko cha plastiki chini ya usukani: skrubu zilizokwaruzwa na nyaya zilizofungwa kwa tepu nyeusi zinakuonyesha mwizi aliingilia wapi. Hitilafu za umeme kwenye gari kama hilo zinaweza kukusumbua muda mrefu, zikija na kupotea hata fundi asizione. Angalia vioo pia. Wengi wetu huchora namba ya usajili kwenye madirisha na vioo vya pembeni, kwa hiyo kimoja kisicho na namba kimebadilishwa, na vyote vikiwa vipya uliza kwa nini. Ongeza miezi ya jua na mvua katika uwanja wa kituo cha polisi: betri imekufa, matairi yamepasuka ubavuni, redio haipo. Haya yote yana bei, na fundi anaweza kuyapigia hesabu uyatoe kwenye bei ya kununulia.

Namba ya chasisi ndiyo isiyo na mjadala. Ikiwa imesagwa au kupigwa upya, acha, hata kama muuzaji ni kampuni ya bima, mpaka wapelelezi wa polisi (DCI) walikague gari na rekodi zirekebishwe.

Kundi ninalolionea huruma zaidi ni la wenye bima ya mtu wa tatu pekee, ambayo hailipii wizi. Hao hakuna aliyewalipa. Gari likipatikana bado ni lao kabisa, na mara nyingi huliuza kwa hasara kwa sababu ya sifa yake tu. Mtu wa namna hiyo mwombe barua kutoka kwa bima aliyokuwa nayo wakati wa wizi, inayosema aina ya bima na kwamba hakuna dai la wizi lililolipwa. Akiileta, na polisi wakathibitisha hakuna kesi inayoendelea, hofu iliyobaki ni ya nyaya na matairi, na mlipe bei ya haki.