Mwolyo Ukambani: Lini Tupeleke Chakula, na Lini Tupeleke Fedha

Mwaka 2009, huko Yatta katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Machakos, Askofu Titus Masika alianzisha kampeni iliyojulikana kama Operation Mwolyo Out. Mwolyo ndilo jina la chakula cha msaada Ukambani, nchi ya Wakamba mashariki mwa Kenya: mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia yanayofika kwa lori mvua zinapokosekana. Wito wa askofu ulikuwa kwamba watu waache kulingoja lori, wachimbe silanga za kuvuna maji ya mvua katika boma zao, wapande katika mashimo ya zai yanayohifadhi unyevu, na wauze mboga na pilipili. Wengi waliitika, na Yatta ikawa mfano unaotajwa kila panapozungumzwa habari za kilimo cha sehemu kame nchini Kenya.

Tangu wakati huo, ukame unapoingia, hoja mbili hukabiliana. Upande mmoja husema msaada wa chakula umewalemaza wanakijiji na kuua soko la mkulima. Upande wa pili husema mtu mwenye njaa hapewi somo la kilimo, hupewa chakula kwanza. Kila upande umeshika jambo la kweli, lakini naona kwamba tumetumia nguvu nyingi kuuliza kama chakula kigawanywe, na nguvu kidogo sana kuuliza kigawanywe lini.

Nianze na hoja ya utegemezi, kwa kuwa ndiyo inayopendwa zaidi mijini. Mtu aliyewahi kusimama kwenye kambi ya chifu siku ya mgao anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Magunia ya kilo 50 hushushwa, kamati ya misaada husoma majina yaliyopitishwa katika baraza, na mahindi hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili linalotumika sokoni. Mama aliyepokea sehemu yake hafiki nayo nyumbani ikiwa nzima, kwa sababu jirani ambaye jina lake halikusomwa naye ana watoto, na ujirani wa kijijini hauruhusu mmoja apike huku mwenzake akitazama. Sehemu hiyo iliyogawanywa mara mbili huliwa ikaisha, na hakuna anayejua kwa hakika lori lingine litakuja lini. Ni vigumu kuamini kwamba mkulima mwenye akili timamu ataliacha shamba lake bila kupandwa mwezi wa Oktoba kwa kutegemea kitu cha namna hiyo. Anayeacha kupanda mara nyingi ni yule aliyekwisha kula mbegu, au aliyeuza ng'ombe wa kulimia, na mgao uliofika mapema ungemwokolea vyote viwili.

Mfano wa Yatta nao una masharti ambayo wanaousifu huyataja kwa haraka. Silanga huchimbwa na mikono yenye nguvu, katika ardhi ambayo mchimbaji ana haki nayo, na mvua lazima inyeshe angalau mara chache ili kuwe na maji ya kuvuna. Bibi anayelea wajukuu watano peke yake hawezi kuchimba silanga. Mgonjwa hawezi, na mjane ambaye shemeji zake wanamgombea kiwanja atachimba kwa hofu. Kwa watu hawa, kusema mwolyo utoke bila kusema ni nini kitakachoingia mahali pake ni ukatili, hata kama msemaji ana nia njema.

Hata hivyo, hoja kuhusu soko ina uzito. Ukambani hutegemea zaidi mvua za vuli za Oktoba hadi Disemba, na mazao huanza kuvunwa mwishoni mwa Januari na Februari. Msaada uliochelewa ukiingia wakati huo, mkulima aliyebahatika kupata magunia machache ya mahindi au ndengu hukuta bei imeanguka, naye ndiye aliyehitaji kuuza ili alipe karo ya shule. Uchelewaji ndio ugonjwa wetu mkubwa. Mvua za mwisho wa 2010 zilikosa, na dalili za njaa zikajulikana mapema, lakini mchango mkubwa wa wananchi, Kenyans for Kenya, ulianza mwishoni mwa Julai 2011, watu wakiwa tayari wanaangamia. Wakenya walitoa kwa moyo mkunjufu na kulipita lengo la shilingi milioni 500. Ukarimu haukupungua hata kidogo, ila ulikuja miezi mingi baada ya mvua kukosa.

Ndipo wengine wakapendekeza fedha badala ya magunia. Ushahidi wao si haba. Katika kaunti ya Siaya, wanauchumi walifuatilia zaidi ya familia 10,000 zilizopewa takriban dola 1,000 kila moja, wakakuta kwamba kila dola iliyotolewa ilikuza uchumi wa eneo hilo kwa karibu dola mbili na nusu, huku bei za bidhaa zikipanda kwa kiasi kidogo mno. Mwenye fedha huchagua mwenyewe kama atanunua unga, dawa au mbuzi, na hapigwi picha akiwa na gunia kichwani. Jambo hili la picha si dogo. Nimeziona picha nyingi za wazee waliopangwa mstari nyuma ya mgeni mheshimiwa, uso wa kila mmoja ukionekana wazi, na naamini hakuna kati yetu angependa mzazi wake aonyeshwe nchi nzima kwa sababu ya kilo kumi za mahindi.

Lakini Siaya haikuwa kwenye ukame, na soko lake lilikuwa na bidhaa. Tazama kaskazini, ambako mpango wa serikali wa kukinga njaa ulikuwa ukilipa familia shilingi 5,400 kila miezi miwili, sawa na 2,700 kwa mwezi. Katikati ya 2022, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita shilingi 200, fedha zote za mwezi hazikutosha kununua pakiti 14. Kwa familia ya watu sita, huo ni unga usiofika kilo tano kwa kila mtu kwa mwezi mzima, bila mboga, bila mafuta, bila sabuni. Gunia halipungui uzito bei inapopanda. Noti hupungua thamani palepale mkononi. Wazee wa Ukambani hawahitaji kufundishwa hili, kwani njaa ya 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, nafa ilhali nimeshika: fedha zilikuwepo mfukoni na chakula hakikuwepo dukani, hadi nchi ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo, mimi naegemea upande wa fedha pale ambapo duka la kijijini bado lina unga na bei haijaruka, na upande wa chakula pale ambapo mojawapo ya hayo mawili limeharibika. Kipimo si kigumu kupatikana. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti kame, ikieleza kama hali ni ya kawaida, ya tahadhari au ya dharura, na bei ya gorogoro la mahindi hujulikana kila siku ya soko.

Chakula chenyewe kinunuliwe nchini inapowezekana, ila kwa uangalifu. Mwaka 2004, mahindi ya wenyeji yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalileta sumukuvu, sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka, hasa huko Makueni na Kitui, na watu 125 wakafa. Nafaka ikaushwe na kupimwa kabla ya kupelekwa kwa watu ambao miili yao tayari imedhoofika.

Kalenda yenyewe ingetusaidia kama tungeifuata. Kufikia mwisho wa Disemba, kila mtu Kitui anajua kama vuli imekosa, na wakati huohuo wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu wametoka kuvuna na wanalia kwamba mahindi yao hayana bei. Makanisa, misikiti na vyama vya hisani vinavyochanga kila mwaka vingeweza kununua Januari, kuhifadhi katika maghala yaliyo karibu, na kuanza kugawa kabla mbegu za msimu unaofuata hazijaingia kwenye sufuria.