Ukuta wa bucha nao ni dizaini, tumlipe fundi wake

Juzi asubuhi niko kwenye daladala natoka Mbagala, foleni haisogei, simu imezima chaji, ikabidi niangalie nje tu, na kwa kweli sikuchoka. Kinyozi kachorewa vichwa vinne mlangoni, kila kichwa na staili yake. Bucha ina ng'ombe mwekundu anakuangalia kabisa usoni. Mbele kidogo ukuta umeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI kwa herufi kubwa nyeusi, ile N ya kwanza imenona na ile I ya mwisho imebanwa pembeni kwa sababu ukuta uliisha, na bado unaisoma ukiwa mbali na unaelewa kwamba mwenye nyumba hana utani. Bodaboda zikapita, kila madigadi na msemo wake. Nikajisemea, hivi mbona mtu akisema neno dizaini sisi tunafikiria kompyuta na ofisi yenye kiyoyozi?

Mimi naona watu wetu wanajua kupanga maandishi na picha siku nyingi sana. Chukua khanga. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, ina jina kwa chini, na jina lazima likae sehemu ambayo mtu wa nyuma yako atalisoma ukiwa umeivaa. Hiyo ni dizaini kamili, kila kitu kina nafasi yake na sababu yake. Sasa nenda kaangalie ukuta wa mgahawa wowote wa uswahilini uliochorwa kwa mkono, utakuta mstari wa rangi kuzunguka kama pindo, samaki au kuku katikati, na maneno chini. Sidhani kama kuna mtu alimfundisha fundi hivyo darasani, amekua anaiona mgongoni kwa mama yake.

Niliwahi kukaa mchana mzima namwangalia fundi mmoja mzee akiandika ukuta wa kibanda cha ma'mdogo wangu kule Tandika. Alianza na uzi alioupaka unga wa chaki, mimi nikashika ncha moja yeye nyingine, akauvuta katikati akauachia, pap, mstari mweupe umenyooka ukutani. Alafu akahesabu herufi kwa vidole akaanza kuandika ile ya katikati kwanza, akawa anakwenda pembeni, ndo maana maneno yake hayaishiwi nafasi. Rangi ya mafuta aliiweka kwenye kopo la nyanya, brashi yake ameipunguza nywele kwa wembe mpaka imebaki nyembamba kama kalamu. Kila baada ya herufi mbili tatu anavuka barabara, anasimama upande wa pili anafumba jicho moja, nikamuuliza mbona anaupa huu ukuta shikamoo nyingi hivyo, akanijibu mtu wa kwenye gari hana muda wa kusoma mara mbili. Mwisho kabisa akaweka kivuli, kila herufi kivuli chake upande wa kulia, akasema jua ni moja mwanangu, huwezi kuwa na vivuli vinaenda kila mahali.

Kazi ile ilikaa miaka. Watu walikuwa wanaelekezana kwa samaki aliyemchora fundi pale ukutani, shuka pale kwenye samaki wa bluu.

Afu wakaja watu wa kampuni moja ya vinywaji wakapaka ukuta wote rangi yao kuanzia chini mpaka kwenye bati, nembo yao kubwa katikati, jina la ma'mdogo wakaliweka pembeni juu kwa herufi ndogo ambazo hata yeye akisimama mlangoni hazisomi vizuri. Hakulipwa hata mia, alipewa viti vya plastiki. Simlaumu, rangi ilikuwa imeshachakaa na yeye aliona amepata ukuta mpya bure. Ila iliniuma sana, na bado inaniuma, kwa sababu tukitembea mtaa mzima sasa hivi maduka yanafanana, huyu mwekundu huyu bluu huyu kijani, matangazo ya watu wenye hela yamekaa kwenye kuta za watu wasio na hela, na kodi ya huo ukuta hailipwi na mtu.

Na fundi huyohuyo akitaja elfu thelathini tunamwambia punguza bana, si kuandika tu.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ileile ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972, yaani miaka minne tu ya kazi, na leo staili nzima ya uchoraji inaitwa kwa jina lake. Rangi ileile, brashi zilezile, watu wa aina ileile. Wale vijana wa kundi la Wachata hapa Dar, wanaochora grafiti kwenye kuta, nao jina lao lenyewe limebeba neno chata, alama, kitu anachoacha mtu ili ujue alipita. Nairobi wenzetu wanalielewa hili mapema, mwaka 2004 serikali yao iliamuru matatu zipigwe mstari wa njano na michoro ikapungua, lakini haikufa, leo kijana wa kule anaacha gari tatu zimpite akisubiri nganya, yaani matatu iliyochorwa vizuri, na mwenye gari anatoa hela ya mchoraji bila kulalamika kwa sababu anajua ndiyo inayomletea abiria.

Sisemi tuchome mabango ya kuprinti, yana kazi zake, harusi ya Jumamosi ukiandikiwa kwa brashi utachelewa. Ila ukifungua genge, saluni, gereji, muulize kwanza fundi wa mtaani kwako. Mimi wiki iliyopita nimempeleka yuleyule mzee kwa kaka yangu aandike geti la gereji yake. Hakupunguziwa hata shilingi. Akalizunguka geti mara mbili, akaligusa kwa kiganja kuona kutu, akageuka akamuuliza kaka, niweke na kivuli?

Kaka akasema weka.