Kipanya Kina Pacha Wake

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Wiki iliyopita nilimkuta binti anayenisaidia hapa steshenari akiiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino. Mteja amesimama mbele yake, kijana anayeomba kazi. Kitambulisho chake kimeshaskaniwa, kiko kwenye kompyuta, na fomu ya maombi iko kwenye kompyuta hiyo hiyo. Lakini akifungua fomu, kitambulisho kinafunikwa. Akirudi kwenye kitambulisho, ameshasahau ameishia tarakimu ya ngapi. Na kwa kuwa ile ni picha, huwezi kuikopi namba ukaibandika. Basi akaona kiganja ndiyo dawa.

Nikamwambia: ukiwa kwenye kitambulisho, shikilia kitufe cha Windows, kile chenye alama ya dirisha karibu na Alt, halafu gusa kishale cha kushoto. Picha ikajibana nusu ya kushoto ya skrini. Nusu ya kulia yakajitokeza madirisha mengine yaliyokuwa wazi, yakiwa madogo madogo, akabofya fomu, ikajaa upande wake. Kitambulisho huku, fomu kule.

"Dada, kumbe!"

Aibu ilinishika mimi, si yeye. Amekaa kwenye kiti kile miaka miwili, na ana cheti cha kozi ya kompyuta. Kozi zetu hizi nazijua, nami nilipita humo humo: kuwasha, kuzima, kushika kipanya, kubofya mara mbili, Word, Excel kidogo, cheti, picha ya pamoja. Jinsi ya kuyapanga madirisha manne mteja akiwa anakuhesabia dakika, hilo hakuna anayeligusa. Kila kitu ni kipanya, mkono wa kulia tu. Wa kushoto unabaki na kazi ya kushika kikombe cha chai.

Na hata aliyekileta kipanya hakufanya kazi kwa mkono mmoja. Tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart alisimamia onyesho maarufu mbele ya wataalamu huko San Francisco. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kipanya. Wa kushoto ulikuwa juu ya kidude chenye vitufe vitano, mfano wa kinanda cha mtoto, ambavyo alivibonyeza kimoja au kadhaa kwa pamoja kutoa herufi na amri. Kipanya kilionyeshwa pale kikiwa na pacha. Dunia ikamchukua mmoja, mwenzake akasahaulika, na mimi naamini hapo ndipo tulipopoteza. Kidude chenyewe hatuna tena, lakini vitufe vya Windows, Alt na Ctrl viko pale pale upande wa kushoto, vinasubiri mkono uliokaa bure.

Jingine linalonichekesha: Windows ya kwanza kabisa, iliyotoka Novemba 1985, ilipanga madirisha ubavu kwa ubavu kama vigae. Hayakuruhusiwa kulaliana. Kufunikana kulikuja na toleo la pili, 1987, na watu wakaona ndiyo maendeleo. Halafu 2009 ikaja Windows 7 na hivi vishale, kukaa bega kwa bega kukawa kazi ya kugusa vitufe viwili tu. Kwa hiyo yule binti hakufundishwa ujanja mpya. Amerudishiwa kitu cha mwaka 1985.

Sasa, kuna ile picha inayozunguka WhatsApp, "njia za mkato 100 unazopaswa kuzijua". Niliwahi kuichapa kwa rangi, nikaipitisha kwenye laminesheni, nikaibandika ukutani juu ya printa. Sijawahi kumwona mtu akiisoma, mimi nikiwemo. Kazi yake kubwa imekuwa kuficha ufa. Mtu hajifunzi vitufe mia kama anayekariri mji mkuu wa kila nchi. Anajifunza kimoja siku ile kero imemkaba shingoni, na hicho hakimtoki tena.

Mimi changu cha namna hiyo nilikipata kwenye semina niliyokodiwa kuchapa kumbukumbu za kikao. Laptop imeunganishwa na projekta, projekta imezimwa watu wakanywe chai, waya haujachomolewa. Nikafungua faili niendelee kuchapa: linaonekana pale chini kwenye upau, nikilibofya halitokei. Nabofya tena, wapi. Jasho. Mwenyekiti ananiangalia. Kumbe kompyuta iliamini bado ina skrini mbili, na faili langu lilikuwa limefunguka kule kwenye ukuta usio na mwanga. Kijana wa mitambo akaja, hakugusa kipanya. Alibonyeza Windows na Shift kwa pamoja, akagusa kishale, dirisha likaruka likarudi mbele yangu. Nilitamani kumlipa.

Siku nyingine dirisha linapotea na hakuna projekta yoyote, maana baadhi ya programu hukumbuka mahali zilipofungiwa mara ya mwisho hata kama skrini ile haipo tena. Hapo lichague kwa Alt na Tab, kisha bonyeza Alt na kile kitufe kirefu cha nafasi, halafu herufi M, halafu kishale chochote mara moja. Kuanzia hapo dirisha limeng'ang'ania mshale wa kipanya: ukikisogeza tu, nalo linakuja. Ni hatua nyingi, najua, lakini zimeniokoa mara tatu.

Vingine nitavipitia haraka. Windows na D inaficha kila kitu, na ukirudia inarudisha. Windows na L inafunga skrini, na hii kwangu ni sheria ya duka, kwa sababu ukienda kutafuta chenji umeacha vyeti na namba za watu wazi. Alt na F4 inafunga dirisha, ila kwenye laptop nyingi lazima uongeze Fn, na sielewi kwa nini ndiyo ya kwanza kila kijana kuijua. Hapa kwangu wanaitumia kufanyiana utani.

Kuna nilichokikataa pia. Tangu Windows 10 ya 2015 unaweza kuwa na meza kadhaa ndani ya kompyuta moja, kila meza na madirisha yake, na unaiona moja tu kwa wakati: Windows, Ctrl na D unaongeza meza, Windows, Ctrl na kishale unahama. Wanaoipenda wanaipenda kweli. Nilijaribu kumpa kila mteja meza yake, na kufika saa kumi jioni nilikuwa na barua tatu zimefunguliwa kwenye meza nilizozisahau. Umeme ukakatika. Moja ilikuwa haijaseviwa, na mwenyewe alikuwa njiani kuifuata. Kwa duka lenye foleni, kisichoonekana hakipo.

Nikiambiwa nibakize kimoja, nabaki na Alt na Tab, lakini si vile wengi wanavyoitumia, wameishikilia macho yakizunguka kutafuta. Iguse mara moja uachie. Inakurudisha kwenye dirisha ulilotoka, ukigusa tena inakupeleka ulikokuwa. Barua, barua pepe, barua, barua pepe. Mkono unazoea kabla ya kichwa. Binti sasa anafanya hivyo huku anaongea na mteja, wala haangalii chini.

Bango nimelibandua jana. Ule ufa umekua, itabidi nitafute fundi.