Kazi ipi inazalisha? Smith, Say na Marx

Mwaka 1776 mwanauchumi wa Uskoti Adam Smith aliwatia kapu moja mfalme, wanajeshi, makasisi, mawakili, matabibu, wanamuziki na mtumishi wa ndani: kazi yao wote haizalishi. Wengi huisoma kauli hiyo kama dharau. Siyo. Alikiri kwamba baadhi yao wanafanya kazi ya heshima na ya lazima. Kilichomshughulisha ni ziada ya nchi, yaani kinachobaki baada ya gharama za uzalishaji kulipwa, inakwenda wapi. Fundi wa kiwandani hurudisha ujira wake na faida ya tajiri juu yake, kwa kuwa jasho lake linabaki ndani ya bidhaa inayouzika. Mtumishi akishafuta meza, hakuna kilichobaki cha kuuza. Ndiyo maana, kwa Smith, anayeajiri mafundi wengi hutajirika, na anayeweka watumishi wengi hufukarika. Kwa Uingereza ya wakati ule, ambako makabaila walitumia kodi walizolipwa na waliokodi ardhi yao kulisha watumishi kibao, hoja hiyo ilikuwa nzito. Tena ilimvuka Quesnay, mwanauchumi wa Ufaransa, aliyeona kilimo pekee ndicho kinachotoa ziada na mafundi ni tabaka tasa.

Tatizo ni kigezo chake. Mwaka 1803 mwanauchumi Mfaransa Jean-Baptiste Say alimleta daktari kama mfano: anampima mgonjwa, anamwandikia dawa, anaondoka bila kuacha kitu cha kushikika, na analipwa. Kwa nini ushauri wake usihesabiwe kuwa zao la kazi, eti kwa sababu umetumika palepale ulipotolewa? Say yuko sahihi hapo. Ila ukimfuata hadi mwisho, kila kinacholipiwa kinakuwa uzalishaji, na swali la ziada linazikwa.

Karl Marx, mchambuzi wa ubepari, ndiye aliyelifufua, na kwangu jibu lake ndilo lenye nguvu zaidi. Mwalimu, aliandika mwaka 1867, anazalisha anapomtajirisha mwenye shule. Vivyo hivyo mpishi: hotelini anamwingizia mwenye hoteli faida, nyumbani kwa tajiri analipwa kutoka mfukoni mwa tajiri, kwa hiyo hazalishi. Chakula kinaweza kuwa kilekile. Kinachopimwa ni uhusiano wa kazi na mtaji, wala si manufaa ya kazi yenyewe.

Hata hivyo kipimo hicho kinamwacha nje mama anayempikia na kumlea mfanyakazi wa kesho bila ujira. Pato la taifa nalo linamwacha. Mwanauchumi Pigou alilionyesha hilo: mwanamume akimuoa mtumishi wake wa ndani, pato la taifa linashuka, ingawa nyumba inafagiliwa kama jana.