Usajili usubiri saa tatu

Nina ugomvi na wanaodhani redio ya wilaya ni redio ya Dar es Salaam iliyokosa hela. Fungulia stesheni ndogo za huku kanda ya kati saa mbili asubuhi: mara nyingi utakuta watangazaji wawili wanabishania usajili wa Simba na Yanga, kicheko, wimbo, kicheko tena. Gunia la mahindi Kibaigwa limeamkia bei gani? Kimya. Mnada wa Msalato Jumamosi mbuzi walikwendaje? Kimya vilevile. Na Kibaigwa si genge la nyanya, ni miongoni mwa masoko makubwa ya nafaka nchini.

Wazee husema enzi za masafa ya kati, yaani AM, mambo yalikuwa bora. Nawaunga mkono nusu. Wimbi la AM hutambaa na ardhi, likikuta mlima linajipinda. FM huenda pale jicho linapofika, ikigonga vilima vya Mpwapwa safari imeishia hapo. Usiku AM ilifika mbali zaidi, kwa sababu tabaka la chini la anga linaloimeza mchana hutoweka jua likizama, wimbi likarudishwa na tabaka la juu. Na redio yenyewe ilikuwa na masharti yake. Kuvuta antena hakusaidii, kwani kijiti cha kunasia AM kimo ndani. Unaizungusha redio nzima taratibu mpaka mkwaruzo upungue, kisha ole wake atakayeigusa. Betri zikichoka zinaanikwa juani, juu ya paa la tembe.

Lakini kuirudisha leo ni ndoto. Stesheni ya kilohezi 1,000 ina wimbi la mita 300, na mnara wa robo ya wimbi hilo ni mita 75, achilia mbali nyaya za kufukia ardhini kuuzunguka. Redio inayoishi kwa tangazo la duka la mbolea itazitoa wapi hela hizo? Isitoshe, simu za mkononi zenye redio, hata vile vitochi, zinanasa FM.

Kwa hiyo mnara tuuache. Mimi nadai maneno. Mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takriban milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza habari za malaria na kuhara, wakajadili, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Redio ilizungumza habari za uani kwao, wakainuka.

Huku mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, tena Februari ina tabia ya kukata. Mkulima akikosea kupanda uwele anasubiri mwaka mzima. Mtu huyo anahitaji utabiri wa wilaya yake, si hali ya hewa ya Pwani iliyosomwa kutoka kwenye simu.

Naomba nusu saa tu, saa kumi na mbili asubuhi, watu hawajatoka kwenda shamba. Bei za Kibaigwa na za mnadani. Utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa. Misiba, na maziko ni saa ngapi. Ng'ombe waliopotea, rangi zao, alama za masikioni na mwelekeo walioonekana mara ya mwisho. Kadi za salamu zikibaki na dakika, zisomwe.