Oktoba 3, sikukuu iliyopangwa mezani

Ukiuliza Ujerumani iliungana lini, wengi watakutajia usiku wa Novemba 9, 1989, watu walipoukwea Ukuta wa Berlin. Usiku ule ulifunguliwa mpaka tu. Nchi zilibaki mbili, Ujerumani Magharibi na Ujerumani Mashariki, kwa karibu miezi 11 zaidi, kila moja na serikali yake na bunge lake. Sikukuu ya taifa ni Oktoba 3, siku muungano ulipoanza kufanya kazi kisheria mwaka 1990, na lawama juu yake hazibadiliki: tarehe baridi, imepangwa mezani. Imepangwa mezani kweli. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake.

Novemba 9 isingefaa. Tarehe hiyo mwaka 1938 masinagogi yalichomwa na Wayahudi wakauawa na kusombwa kupelekwa kambini. Nani atapiga fataki siku kama hiyo? Juni 17 nayo ilikuwa sikukuu ya Magharibi tangu 1954, kukumbuka wafanyakazi wa Mashariki waliogoma mwaka mmoja kabla wakazimwa kwa vifaru vya Kisovieti. Yaani Magharibi walipumzika kwa ajili ya watu ambao wenyewe siku hiyo walikuwa kazini.

Oktoba 3 ilipatikana kwa kubanwa pande mbili. Mataifa manne yaliyoshinda vita, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti, bado yalikuwa na haki zao juu ya Ujerumani, na mkataba wa kuziachia ulitiwa saini Moscow Septemba 12. Kisha mawaziri wa nje wa Ulaya walipaswa kuarifiwa katika mkutano wa New York uliomalizika Oktoba 2. Mapema zaidi haikuwezekana. Upande wa pili kulikuwa na Oktoba 7, siku Ujerumani Mashariki ingetimiza miaka 41, na wabunge wengi hawakutaka kuiona ikifika. Usiku wa kuamkia Agosti 23 bunge la Mashariki, Volkskammer, likapitisha Oktoba 3 kwa kura 294 dhidi ya 62, wajumbe 7 wakijizuia.

Walichokipigia kura ndicho chenye uzito kuliko tarehe yenyewe. Katiba ya Magharibi ilikuwa na milango miwili. Ibara ya 146 iliruhusu Wajerumani wote waandike katiba mpya. Ibara ya 23 iliruhusu sehemu nyingine za Ujerumani zijiunge na dola lililopo. Wakapita mlango wa 23 kwa kuwa ulikuwa wa haraka. Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964 zilizaa dola jipya ambalo baadaye lilipewa jina jipya. Kwa Ujerumani, upande mmoja ulibaki na jina, katiba na bendera yake, na mwingine ukafutika usiku wa manane. Manung'uniko mengi ya Mashariki mpaka leo chanzo chake ni mlango huo.

Fedha zilitangulia. Julai 1, 1990 marki ya Magharibi ikawa sarafu ya pande zote. Noti haikubadilishwa mkono kwa mkono; ilibidi uwe na akaunti. Mtoto wa chini ya miaka 14 alibadilishiwa marki 2,000, moja ya Mashariki kwa moja ya Magharibi, mtu mzima 4,000, mwenye miaka 60 na kuendelea 6,000. Iliyozidi hapo, marki mbili zilizaa moja. Mishahara na pensheni nazo zilihamishwa marki moja kwa marki moja, na familia zilifurahi. Viwanda ndivyo vilivyoumia: mishahara ililipwa kwa sarafu ngumu ilhali mashine ni zilezile, na wateja wa Poland na Muungano wa Kisovieti hawakuwa na marki za kununulia. Treuhandanstalt, shirika lililokabidhiwa mashirika ya umma ya Mashariki, liliuza au kufunga maelfu yake hadi lilipovunjwa mwishoni mwa 1994.

Sikukuu yenyewe imeandikwa ndani ya Mkataba wa Muungano wa Agosti 31, 1990, ibara ya 2, pamoja na kuutaja Berlin kuwa mji mkuu. Ndiyo sikukuu pekee iliyowekwa na sheria ya taifa zima. Hata Krismasi iko mikononi mwa majimbo. Mwaka 2004 serikali ya Gerhard Schröder ilitaka kuisogeza hadi Jumapili ya kwanza ya Oktoba ili watu wafanye kazi siku moja zaidi. Kelele zilivyopanda, pendekezo likarudishwa kabatini.

Sherehe kuu huhamahama kila mwaka na jimbo linaloongoza Baraza la Majimbo: Hamburg 2023, Schwerin 2024, Saarbrücken 2025. Kuna ibada, hotuba, kisha mahema ya majimbo na soseji. Maduka hufungwa, kwa hiyo mgeni anunue mkate jana yake. Misikiti mingi hufungua milango kwa majirani siku hiyo, desturi iliyoanza 1997.

Hotuba ningezipunguza, na badala yake zisomwe ibara za mkataba moja moja, kila moja ikielezwa ilitekelezwa lini. Thamani ya pensheni ya Mashariki ililingana na ya Magharibi Julai 1, 2023, miaka 33 kamili tangu watu wapange foleni benki kuchukua marki zao za kwanza.